Kunguni wa Kumi na Mbili

Usiku wa jana niliota Nundu ameketi kitandani kwetu, upande anaolala mke wangu.

Nundu ni ndege. Ni ndege ya kivita ya kushambulia walio ardhini, ya injini mbili, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya kinundu alicho nacho mgongoni, nyuma ya chumba cha rubani. Ana urefu wa mita kumi na tano. Chumba chetu kina mita tatu na nusu, na kabati limo humo humo. Lakini alikuwa ameenea vizuri tu, bawa moja likiwa limetokea dirishani. Mke wangu alikuwa amesogea ukutani akampisha, akaendelea kulala.

"Vaa," Nundu akaniambia. "Leo unapanda."

"Mimi ni fundi," nikasema. "Mafundi hatupandi. Tunabaki chini tunatazama saa."

"Vaa, Lutengano."

Nikavaa ovaroli. Kwamba anaongea haikunishangaza. Kilichoniuma ni kwamba kwa miaka kumi na minne nimemsafisha, nimemtia mafuta, nimemsemesha kila asubuhi, naye hakuwahi kunijibu hata neno moja. Kumbe alikuwa anaweza.

Kabla sijaendelea niseme jambo ambalo si ndoto. Kambini kwetu ndege ni ya fundi. Rubani anaiazima tu. Anakuja, anatia saini kwenye daftari langu, anairusha saa moja, na akirudi na matundu, anayeyahesabu ni mimi. Jina lake limeandikwa upande wa kulia chini ya kioo, langu upande wa kushoto. Juzi nikaambiwa nahamishiwa banda la ndege zisizo na rubani, vitu vidogo vyenye ukubwa wa kochi, na Nundu anakabidhiwa kwa Koplo Nyanjige. Nyanjige ana miaka ishirini na sita na mikono midogo inayoingia kila mahali. Jina langu wakalifuta kwa thina nikiwa nimesimama pale pale. Kopo la thina nililishika mimi mwenyewe, maana mtu wa rangi hakuwa na pa kuliweka.

Sasa, ukikabidhi ndege kuna kitu tunakiita kuhesabu kunguni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo fundi anayeondoka huizunguka ndege pamoja na fundi anayeingia, akamwonyesha kila tabia mbaya ambayo haimo kitabuni. Mlango huu unataka goti. Geji hii ni mwongo wakati wa baridi. Unataja, mwenzako anarudia, mwisho mnapeana mikono. Hakuna anayeandika, maana kunguni wakiandikwa wakubwa watataka kujua kwa nini ndege inaruka.

Jana mchana nilimhesabia Koplo Nyanjige kunguni kumi na mmoja. Nundu ana kumi na wawili.

Huko ndotoni tunatoka chumbani na tayari tuko kwenye meza ya saini. Meza imewekwa katikati ya njia ya kurukia ndege, na nyuma yake amekaa Nundu mwenyewe, amevaa miwani yangu ya kusomea. Mbele yake amesimama Kapteni Shemhilu, rubani wetu, mtu mpole mwenye shingo ndefu. Amefungwa shingoni utepe mwekundu ulioandikwa ONDOA KABLA YA KURUKA.

"Leo fundi ndiye anayeazima rubani," Nundu anasema. "Mkague, halafu utie saini."

Namkagua Kapteni. Namgonga magoti, namsikiliza kifua, nachungulia chini kama anavuja. Naandika: rubani mmoja, hana ufa, havuji, anageuka pande zote. Natia saini na kumtoa utepe.

"Ahsante, Sajini," Kapteni anasema. "Mimi kila siku natia saini bila kukukagua wewe."

"Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Najua. Nimesema tu."

Juu ya bawa la kushoto kunguni wamejipanga mstari mmoja, kila mmoja mkubwa kama kobe, wamevaa buti za jeshi miguu yote sita. Wanajitaja mmoja mmoja.

"Wa kwanza, mlango wa mafuta, unataka goti."

"Wa pili, geji ya kulia, mwongo wakati wa baridi."

Wanaendelea hivyo hivyo mpaka wa kumi na moja, taa ya tairi la mbele, ambaye anasema yeye huwaka akijisikia. Wa kumi na mbili haitiki. Pembeni yake kuna buti sita zilizong'arishwa vizuri, hamna mtu ndani.

"Huyu yuko wapi?" Nundu ananiuliza.

"Yuko likizo."

Kunguni kumi na mmoja wanatazamana. Kisha wote wananigeukia mimi.

Niwaeleze msioijua kazi yetu. Ndege kama Nundu siku hizi haina pa kukaa angani. Ikiruka juu, kuna makombora makubwa yenye rada yanayoiona toka wilaya ya pili. Kwa hiyo inaruka chini kabisa, inajificha nyuma ya vilima. Na huko chini kuna kombora dogo ambalo mtu mmoja hulibeba begani, hilo linafuata joto la injini. Ndiyo maana kila upande wa mkia kuna boksi la fataki. Rubani akibonyeza, fataki zinamwagika zikiwaka kwa joto kushinda injini, kombora linazikimbilia zenyewe, ndege inaenda zake. Boksi la kushoto la Nundu linapata kutu ya kijani kwenye vile vichwa vya shaba vinavyopitisha umeme. Ukilipima, taa inakuambia sawa. Ukilihitaji, halitoi kitu. Dawa yake haimo kitabuni: unavisugua vile vichwa kwa kifutio cha penseli kabla ya kila safari. Mimi natumia kifutio cha binti yangu Tusa, ambacho amekitafuna kona moja. Kinakaa mfuko wa kifuani wa ovaroli yangu.

Huyo ndiye kunguni wa kumi na mbili, na huyo ndiye niliyemficha. Nilitaka siku moja boksi ligome wakati wa majaribio, wahangaike nalo wee, halafu waniite. Nije polepole kutoka banda la makochi, niingize mkono mara moja tu, na Nyanjige awe amesimama pale ananitazama. Nilijiambia ligome kwenye majaribio tu. Sikujiuliza boksi litajuaje kwamba ni majaribio, na asubuhi yake saa mbili Kapteni alikuwa anakwenda bonde la Mkwijima, ambako askari wetu wa miguu wamezingirwa siku ya tatu.

Rubani wa Nundu hukaa ndani ya bamba nene la chuma linalomkinga risasi, lina umbo la beseni, nasi tunaliita beseni. Ndotoni ni beseni kweli, la kuogea, lina maji ya uvuguvugu. Kapteni amekaa ndani na sare zake, maji yamemfika kifuani, ameshika usukani. Nyuma yake, mahali ambapo siku zote hakuna kiti, amekaa Koplo Nyanjige.

"Jambo, afande," ananisalimu.

"Hiyo tochi ni yangu."

"Nundu kanipa, afande."

"Nyanji," Nundu anasema, "umekaa vizuri? Maji hayajapoa?"

Nyanji. Mimi ananiita jina zima kama hakimu. Nyanjige akasema kitu nisichokisikia na Nundu akacheka, injini zote mbili, kicheko ambacho sijawahi kukipima kwenye geji yoyote. Nasema wazi kwamba nilikuwa na wivu. Haukuwa wivu wa kikazi. Ulikuwa ule wa mke mkubwa anayesikia bi mdogo akichekeshwa chumba cha pili, na yeye ndiye aliyewapikia.

"Na mimi nikae wapi?" nikauliza.

"Bawani. Kwenye nafasi tupu."

Nikakaa bawani kati ya wa kumi na moja na zile buti.

Tunaruka. "Chini zaidi," Nundu anasema, na Kapteni anashuka. Tunapita chini ya kamba ya nguo ya jirani yangu, soksi inajibandika usoni mwa Kapteni, anaitoa na kuianika tena. Tunapita katikati ya bwalo la chakula kambini; mpishi ananyanyua sufuria tupite kisha anaishusha. Tunapita chini ya kitanda changu, naona ndara za mke wangu na kifungo nilichokitafuta tangu mwaka jana. Juu mawinguni kombora kubwa la rada limekaa barazani kwake na daftari, linauliza jina la kila anayepita. Sisi tunapita chini ya baraza, Nundu amebana pumzi.

Kilima kimoja kinasimama kutusitiri. "Piteni," kinasema. "Ila mkirudi na njia hii, mimi siwajui."

"Tunajua," Nundu anakijibu.

Hiyo ni kanuni yetu. Aliyekukosa ulipokuja anakusubiri unaporudi, kwa hiyo njia moja haipitwi mara mbili. Nageuka nyuma na kuona bonde tulilopita linajikunja kama mkeka, linajifunga kamba, linajiegemeza ukutani. Kapteni anainua pua ya Nundu, anarusha roketi zake kwa mbali, kama mtu anayerusha kokoto juu ya ukuta wa jirani, na anageuka kabla hazijaanguka.

"Umeona alivyogeuka?" Nundu anamuuliza Nyanjige.

Mimi ndiye niliyebadilisha vyuma vya mkia vilivyomwezesha kugeuka. Hakuna aliyeniuliza kama nimeona.

Redioni inaingia sauti ya mwongozaji. Huyu ni askari wetu aliyelala kifudifudi huko bondeni, anayemwambia rubani lengo liko wapi. Waongozaji hufundishwa kuanza na kitu kikubwa kwenda kidogo, ili rubani asipotee.

"Unaona mto?"

"Nauona," Kapteni anajibu.

"Toka mtoni kwenda kaskazini kuna njia panda."

"Naiona."

"Toka njia panda, upana wa kidole gumba kulia, kuna bawa la ndege."

Kapteni anatazama bawani. "Naliona."

"Juu ya bawa amekaa mtu mfupi mwenye ovaroli."

"Namwona. Ni Sajini Lutengano."

"Kwenye ovaroli kuna mfuko wa kifuani. Ndani ya mfuko kuna kifutio. Lengo ni hicho."

"Rudia," Kapteni anasema, maana utaratibu unataka lengo lirudiwe.

"Kifutio. Kona moja kimetafunwa. Harakisheni, huku tumebaki wachache."

Nyanjige ananimulika usoni kwa tochi yangu. "Afande, kifutio cha nini?"

"Cha mtoto," nasema. Si uongo.

Ndipo kombora likafika, lile dogo la begani. Lilikuwa na pua ya kioo, baridi, na adabu nyingi. Likaja likaruka sambamba na bawa langu.

"Samahanini," likasema. "Mimi nafuata joto. Hapa nani ana joto zaidi?"

"Injini," nikajibu haraka, na nikamwona Nundu akinitazama.

Kombora likanusa injini. Kapteni alikuwa amekwisha kuzimwaga fataki za kulia, likazinusa na hizo, likapiga chafya. Kisha likanigeukia mimi na kuweka pua yake kwenye mfuko wangu wa kifuani.

"Hapa," likasema. "Hapa pana joto la miaka kumi na minne. Sijawahi kukutana nalo."

"Ni wivu tu," nikasema.

"Mimi sichagui, baba. Nafuata."

Kapteni anabonyeza kitufe cha kushoto. Anabonyeza tena. Kifuniko cha boksi kinafunguka na mle ndani naona fataki thelathini zimekaa kwenye madawati, mikono zimekunja, zinatazama mbele.

"Mbona hamtoki?" nawauliza.

"Hatujaitwa," kiranja wao anasema. "Kuna mtu anajua namna ya kutuita, lakini tumesikia hataki."

Maji ya besenini yamepoa. Kapteni anageuza ile shingo yake ndefu, ananitazama. Nasubiri anitukane. Angenitukana ningepata pa kuanzia.

"Sajini," anasema, "mimi nilitia saini."

"Mtaje wa kumi na mbili," Nundu ananiambia.

Nafungua mdomo. Maneno yapo, yamejipanga: kutu, shaba, sugua. Namtazama Nyanjige, mikono yake midogo, tochi yangu, na upande wa kushoto chini ya kioo ambako rangi ya jina lake bado ni mbichi. Mdomo unajifunga wenyewe. Natia mkono mfukoni, natoa kifutio, nampa. Kifutio tu. Maelezo nikabaki nayo.

"Nifanye nini nacho, afande?"

"Utajua mwenyewe," nikasema. Mungu anisamehe, hata ndotoni.

Nundu akashusha pumzi, mabawa yote mawili yakainama, kunguni wakashikana wasianguke. "Basi," akasema. "Nitamwambia mimi." Akainamisha kinundu chake mpaka kwenye sikio la Nyanjige na kuanza kunong'ona. Nikanyoosha shingo nisikie anavyomwambia. Kombora nalo likanyoosha shingo. Sote wawili hatukuambulia kitu.

Niliamka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nimekaa kitandani, shingo nimeinyoosha. Mke wangu alikuwa amejibana ukutani, nusu nzima ya kitanda ikiwa tupu katikati yetu.

"Mbona umelala hivyo?" nikamuuliza.

"Kuna mtu alikuwa amekaa," akasema bila kufumbua macho, akalala tena.

Nilichukua simu nikampigia Nyanjige.

"Jambo, afande."

"Nyanjige, jana nilikuhesabia kunguni kumi na mmoja."

"Ndiyo, afande."

"Wako kumi na wawili. Mmoja nilimficha. Nilikuonea wivu. Usimruhusu Kapteni kuruka kabla sijakueleza."

Nikasikia spana ikiwekwa chini, polepole.

"Ni boksi la kushoto, afande?"

"Ndilo."

"Nimeshalisugua," akasema. "Nimelifungua saa kumi na moja, nimekuta kijani kitupu. Sasa umeme unafika, nimelipima mara tatu. Kapteni amekwisha kutia saini."

"Nani kakwambia?"

"Nikikwambia utanicheka."

"Sikucheki. Umelisugua kwa kitu gani?"

"Kwa kifutio cha penseli, afande. Nimefungua kioo nikakikuta kwenye kiti cha rubani. Nilitaka kukiripoti, maana kitu kigeni mle ndani ni kesi, ila nikaona kina kazi. Kona moja kimetafunwa na mtoto."

Ovaroli yangu ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, kama nilivyoitundika jana jioni. Nikatia mkono mfuko wa kifuani. Hakukuwa na kitu.

"Nyanjige," nikasema, "alikwambia kwa sauti gani?"

Alijua ninamuulizia Nundu.

"Ya chini, afande. Ya upole. Akaniambia nisikupigie simu mimi. Alisema utapiga mwenyewe kabla ya saa mbili, kwa sababu anakujua."

Nikamshukuru, nikamwambia awasalimie wote wawili, Kapteni na Nundu, nikakata. Nikakaa upande ule wa kitanda uliokuwa mtupu. Shuka lilikuwa bado lina joto, joto la injini iliyozimwa muda si mrefu, ninalijua kwa kiganja. Anakujua. Miaka kumi na minne nimelingoja neno lolote kutoka kwake, na siku limekuja, limepitia kwa Nyanjige.